UZI: Bakuli la chai la Kijapani la kufinyangwa kwa mkono, linavyojengwa na linavyoharibika

Kitako_Kwanza (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Maswali ya mabakuli ya matcha (chai ya kijani ya unga ya Kijapani) yamekuwa mengi humu, na majibu karibu yote yanaishia kwenye rangi na bei. Uzi huu nauweka kwa ajili ya kazi yenyewe: bakuli linajengwaje, kila sehemu ina kazi gani, na kwa nini moja linatulia mkononi na jingine linakaa kama tofali.

Ukikabidhiwa chawani (ndilo jina lake kwa Kijapani, na hiyo "cha" ni ndugu wa "chai" yetu, chimbuko lao moja Uchina), usianze na uso wake. Ligeuze utazame kitako. Mabakuli mengi ya Hagi, Karatsu na Shino (aina tatu za ufinyanzi wa Japani) yameachwa wazi hapo, bila glezi, yaani ile ngozi ya kioo inayoyeyukia juu ya udongo tanurini. Glezi inasitiri mengi. Kitako kinakuonyesha udongo ni laini au una mchanga, ulikatwa ukiwa na unyevu kiasi gani, na mkono uliokata ulisita au haukusita. Udongo wenye mchanga ukikatwa kwa wakati wake unafinyaa vimikunjo vidogo vidogo, na Wajapani wameviita chirimen kwa jina la kitambaa chao cha hariri chenye mikunjo. Hivyo vimikunjo huwezi kuvichora baadaye. Vinatoka kwa chuma kilichopita mara moja kikaondoka.

Vipimo vya bakuli la kawaida: mdomo kama sentimita 12, kimo 7.5 hadi 8, kitako 5 hadi 6, uzito gramu 300 hadi 400. Yapo mapana na mafupi ya kiangazi ili chai ipoe upesi, na yapo marefu membamba ya baridi kali ili joto lisikimbie. Linaingia zaidi ya mililita 400, lakini chai nyepesi inayotiwa humo ni gramu 2 za unga na mililita 60 hadi 70 za maji ya nyuzi 80 hivi. Nafasi yote iliyobaki ni ya chaseni, kile kipigio cha mwanzi chenye meno mengi membamba. Bila nafasi hiyo mkono haupati mwendo na povu haliji.

Ndiyo maana ndani ndiko kwenye kazi ngumu. Kati ya sakafu na ukuta kusiwe na kona. Kona inavunja meno ya chaseni na inaficha madonge ya unga yasiyochanganyika. Sakafu yenyewe iwe pana ya kutosha kipigio kucheza mbele na nyuma, na katikati kuwe na kishimo kidogo, chadamari, ambamo tone la mwisho la chai ya kijani linakusanyika mtu akimaliza kunywa. Mwanga ukiingia humo ukakuta ule ukijani juu ya glezi nyeusi, utaelewa kwa nini watu wameyatunza mabakuli haya kwa miaka 400.

Karibuni wadau. Wenye ujuzi wa tanuri na wa historia, tieni neno.

Mama Chungu

Asante mkuu kwa uzi. Nina maswali mawili. Kwanza, mdomo wa mabakuli haya unapanda na kushuka. Ni makusudi, au mkono haukuwa sawa na watu wakapaita uzuri? Pili, watu wanasema unaweza kulishika lina chai ya moto bila kuungua, hali kikombe cha kaure kinachoma vidole. Sababu yake nini hasa?

Kitako_Kwanza

Mama Chungu, shikamoo. Yote mawili yana sababu za kazi.

Kwenye raku (mabakuli ya Kyoto yanayofinyangwa kwa mkono bila gurudumu) mdomo unapandishwa na kushushwa kwa makusudi. Desturi inataja vilele vitano vya taratibu kuuzunguka. Ukitazama kwa mbali unaona mstari wa vilima, na ukiliweka bakuli mbele ya uso, bonde moja linakupa pa kunywea. Tofauti ya kilele na bonde ni milimita chache tu. Ikizidi, bakuli linaanza kujionyesha, na chai inamwagikia shavuni. Mdomo wenyewe uwe wa mviringo, usiwe na makali, na kwenye raku unaegemea ndani kidogo. Hiyo inazuia chai kuruka wakati wa kupiga na inashika joto.

Kipimo cha kutenganisha kosa na ustadi ni hiki: je, kupinda huko kunasaidia kazi au kunaizuia? Bakuli lililolalia upande mmoja lakini likisimama imara halina kosa. Linaloyumba juu ya mkeka lina kosa hata mdomo wake ungekuwa duara kamili.

Kuhusu joto: udongo wa raku na wa Hagi una mchanga na vinyweleo vilivyojaa hewa, nayo hewa ni kizuizi kizuri cha joto. Kaure imeyeyuka ikashikamana kama kioo, kwa hiyo joto linapita moja kwa moja hadi kidoleni. Ongeza unene wa ukuta, milimita 6 hadi 8 kiunoni, na kitako kinachonyanyua bakuli ili vidole viingie chini. Mtu analikalisha juu ya kiganja cha kushoto na kulishika ubavuni kwa mkono wa kulia. Utajua tofauti hata kwa sauti: ligonge kwa ukucha, kaure italia kama kengele, raku itatoa mlio mfupi wa chini kama mtu anagonga mlango wa mbao nzito.

Tanuri_Kavu

Naomba nichukue upande wa moto, maana hapa ndipo watu wanachanganya sana.

Raku ilianzia Kyoto kwenye karne ya 16, kwa Chōjirō aliyefariki mwaka 1589, akifanya kazi karibu na Sen no Rikyū (1522–1591), bwana wa sherehe ya chai. Ukoo wa Raku bado unafinyanga Kyoto hadi leo. Mabakuli yao hayapiti kwenye gurudumu kabisa.

Kuna raku nyeusi na raku nyekundu, na moto wake si mmoja. Nyekundu inachomwa chini, kati ya nyuzi 800 na 1,000. Nyeusi inapanda hadi karibu nyuzi 1,200. Glezi yake inatokana na jiwe la mto Kamo, lenye chuma na manganizi, linalosagwa na kupakwa tabaka juu ya tabaka, kila moja likauke kwanza. Bakuli linachomwa moja moja kwenye tanuri dogo la mkaa, mivukuto ikipuliza. Glezi ikishayeyuka na kung'aa kama maji, bakuli linang'olewa kwa koleo likiwa jekundu la moto na kuwekwa nje lipoe.

Kupoa huko kwa ghafla ndiko kunakoleta weusi. Chuma kilicho ndani ya glezi kinagandishwa kabla hakijapata muda wa kujipanga. Ukiacha glezi ya chuma ya namna hii ipoe polepole ndani ya tanuri, inageuka kahawia. Wafinyanzi wa Mino, eneo jingine la ufinyanzi Japani, walijua siri hiyo pia, na Seto-guro yao nyeusi inatolewa tanurini kwa ndoano. Tazama ubavu wa raku nyeusi: mara nyingi utakuta alama ya koleo, kovu dogo ambapo chuma kilishika glezi ikiwa laini. Haifutwi, na wapenzi wa raku huitafuta kwanza.

Sasa onyo. Kile chombo chenye rangi za shaba na nyufa nyeusi za moshi, kinachotoka tanurini kikatupwa kwenye pipa la maranda ya mbao, ni raku ya Marekani. Mfinyanzi Mwingereza Bernard Leach alikutana na raku Tokyo mwaka 1911 akaipeleka Uingereza, na huko Marekani mfinyanzi Paul Soldner aliingiza hatua ya moshi kuanzia miaka ya 1960. Ni kazi nzuri ya mapambo, lakini udongo wake unavuja, glezi imepasuka, na glezi za shaba za moto wa chini hazifai kugusa chakula. Muuzaji akikwambia "bakuli la raku la matcha" na lina mng'ao wa shaba, weka maua makavu humo. Raku nyekundu za zamani nazo zilikuwa na risasi kwenye glezi. Za kuukuu sana zitazamwe, zisinywewe kila siku.

Mchanga_Mwekundu

Mkuu Tanuri umenifungua macho. Swali langu: kwa udongo wetu mwekundu wa mfinyanzi, huu wa vyungu, mtu anaweza kufinyanga bakuli la namna hii? Naomba hatua na vipimo, tafadhali, msiniambie "inategemea".

Kitako_Kwanza

Inawezekana, ila lenga raku nyekundu. Udongo mwingi mwekundu wa vyungu unakomaa karibu nyuzi 950 hadi 1,050. Ukiupeleka 1,200 unavimba mapovu na kulegea hadi bakuli linakaa kama chapati. Kwa hiyo weusi wa Kyoto usahau kwenye udongo huo.

Udongo. Uchuje, uuache ulale wiki kadhaa ukiwa na unyevu. Changanya mchanga safi au vigae vilivyochomwa na kutwangwa, asilimia 15 hadi 20 kwa uzito, punje zisizidi milimita 1. Hizo punje zinapunguza kusinyaa na zinavumilia moto wa ghafla. Kanda hadi uukate kwa waya usione hata tundu moja la hewa.

Kipande. Pima gramu 700. Fanya donge, kisha ulipigepige kwa kiganja liwe duara la sentimita 17 na unene wa sentimita 1.5 hivi. Usisahau katikati. Katikati ndipo pigo lirudi mara nyingi zaidi, kwa sababu itakuwa sakafu, na sakafu isiyobanwa inapasuka.

Kuinua ukuta. Hapa hakuna nyuzi za udongo za kuzungushia kama chungu. Weka duara juu ya kigurudumu cha mkono, ulikumbatie kwa viganja vyote viwili kwa nje, ukiinua ukingo kidogo kidogo na kuuzungusha. Kila mzunguko ukuta unasimama zaidi. Ukikimbilia kuusimamisha kwa mzunguko mmoja, unakunjika na mkunjo huo utakuwa ufa. Simama ukifikia mdomo wa sentimita 13.5 na kimo cha 9. Udongo utasinyaa kama asilimia 10 hadi 12 hadi mwisho wa moto, na utabaki na vipimo nilivyotaja juu. Viganja vyako viwili vilivyokusanyika kama vya mtu anayekinga maji mtoni ndiyo kalibu. Umbo linatoka hapo, ndiyo maana baadaye linarudi hapo vizuri.

Kukausha nusu. Funika kwa nailoni, mdomo ukiwa umefungwa zaidi kuliko tumbo, maana mdomo hukauka kwanza na ukikauka peke yake unapasuka kwa kuvutwa. Subiri siku moja au mbili kutegemea hewa. Bonyeza kwa kidole gumba: kisiingie, lakini ukucha uache alama safi. Hapo ndipo pa kukatia.

Kukata. Anza nje na kitako, malizia ndani. Ukianza ndani, ukuta mwembamba hautabeba uzito ukiligeuza. Tumia chuma kilichopindwa na kunolewa. Hata utepe wa chuma wa kufungia makasha unafaa. Pete ya kitako iwe na kipenyo cha sentimita 5.5 hadi 6, kimo milimita 6 hadi 8, upana wa pete milimita 7. Katikati ya pete chonga ukiacha kinundu kidogo. Kisha ndani, ukifuata mviringo bila kuacha kona, na mwisho bonyeza kishimo cha chai. Utaondoa kama gramu 250 za udongo. Bakuli likibaki na gramu 450 lingali na unyevu, litatoka tanurini na 350 hadi 360.

Mchanga_Mwekundu, usikate kwa kupima tu. Kila baada ya mizunguko michache liinue kwa mikono miwili. Uzito ukiuhisi chini, karibu na kitako, upo sawa. Ukiuhisi mdomoni, bakuli litakuwa linataka kupinduka, hata likiwa jepesi.

Tanuri_Kavu

Naongezea moto na glezi kwa Mchanga_Mwekundu.

Kausha wiki 1 hadi 2 kivulini. Moto wa kwanza usio na glezi uishie 850 hivi. Panda polepole sana hadi maji yote yatoke, karibu nyuzi 100, maana mvuke ulionaswa unalipua kipande. Kuwa mwangalifu tena karibu 573, pale kwatzi (madini yaliyomo kwenye mchanga na udongo) inapobadilika ukubwa kwa ghafla, wakati wa kupanda na wa kushuka. Mabakuli mengi yanayopasuka "bila sababu" yamepasukia hapo kwa sababu tanuri lilifunguliwa mapema.

Glezi rahisi ya kujaribia: friti ya boroni isiyo na risasi sehemu 85, kaolini (udongo mweupe laini) sehemu 15. Friti ni kioo kilichoyeyushwa kikasagwa. Kaolini ya vilima vya Pugu inafaa ikichujwa vizuri. Changanya na maji iwe kama maziwa mazito, ipitishe kwenye chujio laini, paka hadi unene wa milimita 1 hivi. Choma nyuzi 980 hadi 1,000. Fanya vigae 3 vya majaribio, kila kimoja na unene wake, kabla hujagusa bakuli.

Glezi ikijikusanya na kuacha vipara, kulikuwa na vumbi au mafuta ya vidole juu ya udongo. Futa kwa sponji yenye unyevu, acha likauke, ndipo upake. Ikitoka na vitundu kama sindano, ulipandisha haraka na gesi haikupata njia. Ngoja dakika 15 hadi 20 kwenye joto la juu. Ikimenyeka kama ganda la yai, hasa mdomoni, hiyo ni hatari, kwa sababu vipande vyake ni vioo. Hilo bakuli usilitumie. Glezi imesinyaa pungufu kuliko udongo. Badili friti kwa yenye kusinyaa zaidi.

Mama Chungu

Ufa unaojikunja kama herufi S katikati ya kitako, huo unatoka wapi? Wengine wanasema ni udongo mbaya.

Kitako_Kwanza

Mara chache ni udongo. Ni sakafu isiyobanwa. Umeonekana sana kwenye vyombo vya gurudumu, ambako katikati panafunguliwa na kuachwa bila kukandamizwa, lakini kwa kazi ya mkono unakuja pia ukipiga kingo na kusahau kati. Sababu ya pili ni sakafu nene kuliko ukuta: ukuta unamaliza kusinyaa, sakafu bado inavutana yenyewe. Baada ya kukata, sakafu na ukuta vitofautiane milimita 1 au 2, si zaidi.

Vigae

Nawasalimu. Nimefurahi kuona watu wanazungumzia kitako kabla ya jina la mfinyanzi. Niweke historia kidogo, ile inayosaidia macho.

Mabakuli ya chai yaliyotengenezwa Japani na kupewa hadhi ya hazina ya taifa ni mawili tu. Moja ni "Fujisan", raku ya Hon'ami Kōetsu (1558–1637), nyeupe juu na nyeusi ya moshi chini, na liko jumba la makumbusho la Sunritz Hattori huko Suwa. Kōetsu hakuwa mfinyanzi wa kazi. Alikuwa mtu wa kalamu na panga aliyepata msaada wa ukoo wa Raku kwenye udongo na moto. Tazama kiuno cha Fujisan: kimekatwa kwa pembe kali, kinyume kabisa na Chōjirō anayelainisha kila kitu hadi mkono usijue ukuta unaanzia wapi.

La pili ni "Unohanagaki", bakuli la Shino lililoko Mitsui Memorial Museum, Tokyo. Shino ni ya Mino, mkoa wa Gifu. Glezi yake ni ya feldspa (aina ya madini ya mawe), nene, nyeupe kama tui zito, yenye vitundu kama ganda la chungwa. Pale ilipokuwa nyembamba, rangi ya moto inajitokeza, wekundu wa aibu chini ya weupe. Kwa muda mrefu watu waliamini Shino ilichomwa mji wa Seto, hadi mfinyanzi Arakawa Toyozō alipookota kigae kwenye magofu ya tanuri la Mino mwaka 1930. Kigae kimoja kilihamisha historia yote ya Shino.

Na lile linalopendwa kuliko yote, "Kizaemon", si la Kijapani hata kidogo. Ni Ido, bakuli la Korea, linalotunzwa Kohō-an ndani ya hekalu la Daitoku-ji, Kyoto. Kitako chake kimekatwa kwa haraka, glezi ikajikusanya hapo kuwa matone magumu kama ngozi ya papa. Mabwana wa chai waliona uzuri kwenye kosa hilo la moto, na baadaye wafinyanzi wakalitafuta kwa makusudi, kazi ngumu kuliko kulipata kwa bahati.

Kwa sisi wa pwani kuna uzi mmoja unaotugusa kweli. Jumba la makumbusho la taifa la Tokyo lina bakuli la seladoni (chombo chenye glezi ya kijani) liitwalo "Bakōhan", kazi ya Longquan, Uchina, lenye ufa ulioshikwa kwa vikuku vya chuma. Vigae vya seladoni ya Longquan hiyo hiyo vimechimbuliwa Gede, Kenya. Udongo ule ule ulipanda meli za mashariki na za magharibi. Kule bakuli likawekwa kwenye sanduku na kupewa jina; huku pwani mabakuli ya Kichina yalijengewa kwenye makaburi ya nguzo, kama ya Kunduchi.

Mchanga_Mwekundu

Vigae, asante sana. Hapo kwenye Hagi je? Naona watu wanalalamika bakuli jipya la Hagi linatoka jasho kitakoni, na meza inalowa.

Vigae

Hagi ni mji wa mkoa wa Yamaguchi, Japani. Wafinyanzi wake wa kwanza walikuwa Wakorea waliochukuliwa wakati Hideyoshi, mtawala wa Japani, alipoivamia Korea kati ya 1592 na 1598, wakafanya kazi chini ya ukoo wa kitawala wa Mōri, uliohamia Hagi mwaka 1604. Udongo wao mkuu ni Daidō, ukichanganywa na Mitake ulio mweupe na mgumu wa moto, na Mishima wenye chuma kutoka kisiwani. Mchanganyiko huo haushikamani kabisa hata kwenye nyuzi 1,200 na zaidi. Umebaki na vinyweleo, na glezi yake ina nyufa nyembamba kama nywele. Chai inapenya. Kwa miaka, nyufa zinachukua rangi na bakuli lote linabadilika, wenyewe wanasema Hagi ina mageuzi saba.

Jasho la mwanzo si kosa. Dawa yake ni wanga. Chukua maji mazito ya kuoshea mchele, weka bakuli humo yangali baridi, pasha taratibu hadi yachemke kwa moto mdogo dakika 20, zima, acha lipoe ndani humo humo. Suuza, kausha siku 2 au 3. Wanga unaziba njia kubwa. Likiendelea kuvuja baada ya kurudia mara 3, kuna ufa halisi. Njia hii ni ya Hagi na Karatsu. Raku usiichemshe kamwe, itaachia glezi.

Mama Chungu

Na utunzaji wa kila siku?

Kitako_Kwanza

Kabla ya kutia chai, liloweshe kwa maji ya uvuguvugu dakika chache, kisha maji ya moto, kisha futa. Vinyweleo vikishakunywa maji safi, chai haina pa kuingia haraka, na udongo hauruki kutoka baridi hadi moto. Baada ya chai, suuza kwa maji ya uvuguvugu na mkono. Sabuni inaingia kwenye nyufa na hairudi, utainywa kesho. Mashine ya kuoshea vyombo na maikrowevu sahau.

Kukausha ndiko kunakoua mabakuli kwenye hewa ya pwani. Nje linaonekana kavu, ndani ya ukuta bado kuna maji. Ukilifungia kwenye sanduku siku hiyo hiyo, ukungu unaota na harufu haitoki. Liache limelala upande au limeinuliwa kitako siku 3 hadi 4, mvua za masika hata wiki. Ndipo uliviringe kwa kitambaa cha pamba. Sanduku lake la mti mwepesi uitwao kiri lina maandishi ya mfinyanzi; bila sanduku hilo thamani inashuka sana, kwa hiyo msitupe.

Ukipewa bakuli la mtu ulitazame, vua pete na saa, weka viwiko juu ya magoti na uliinue sentimita chache tu toka kwenye mkeka. Likiteleza halina umbali wa kuvunjikia.

Tanuri_Kavu

Na likivunjika? Vigae, jina lako linakuita.

Vigae

Kintsugi, yaani kuunganisha chombo kilichovunjika na kupamba maungio kwa dhahabu, lakini ile ya kweli, ya urushi. Gundi ya epoksi iliyopakwa unga wa dhahabu ya bandia inafaa kwa pambo la kabatini. Chai ya moto haina biashara na epoksi.

Urushi ni utomvu wa mti wa familia moja na mwembe na mkorosho. Yeyote aliyewahi kuona ngozi ya mbangua korosho ilivyoungua kwa mafuta ya ganda ataelewa kwa nini lazima glavu na mikono mirefu: kemikali zake ni jamaa wa karibu. Ukishakauka kabisa, hauna madhara.

Safisha kingo, zipake urushi mbichi, ziache zikauke. Kanda unga wa ngano na maji hadi uwe donge linalovutika, changanya na urushi kiasi sawa, hadi ukiuvuta unatoa nyuzi. Paka kingo zote mbili nyembamba, ngoja kidogo, unganisha, funga kwa utepe. Sasa weka kwenye kasha lenye nyuzi 20 hadi 30 na unyevu wa asilimia 70 hadi 85 kwa wiki 2 au zaidi. Hapa wengi wanakosea: urushi haukauki kwa jua. Unaganda kwa unyevu wa hewa, na kwenye chumba kikavu cha kiyoyozi utabaki unanata mwezi mzima. Pwani yetu inausaidia.

Kisha jaza mapengo kwa udongo laini sana uliochanganywa na urushi, tabaka nyembamba, kila moja likaushwe na kusuguliwa. Ukijaza kwa mara moja, juu panaganda na ndani panabaki pabichi, baadaye panabonyea. Fuata na mstari wa urushi mweusi, sugua, na mwisho urushi mwekundu mwembamba mno. Ngoja hadi ukipumulia karibu unaona ukungu wa pumzi juu yake. Hapo ndipo unga wa dhahabu unanyunyizwa kwa pamba ya hariri. Mapema, dhahabu inazama. Umechelewa, haishiki. Kazi nzima ni miezi, mara nyingi 2 hadi 3.

Mchanga_Mwekundu

Swali la mwisho wakuu. Kitako cha udongo wazi kinakwaruza meza. Kisuguliwe kabla ya moto au baada?

Kitako_Kwanza

Kabla, kingo za pete zilainishwe kwa kidole chenye maji au kipande cha ngozi, mara moja tu, usifute alama ya chuma. Baada ya moto, weka maji kidogo na usugue sehemu inayogusa chini tu kwa jiwe laini la kunolea, ukizungusha bakuli badala ya jiwe, mizunguko 20 au 30. Pitisha kitambaa cha hariri au soksi ya nailoni juu yake. Kikinasa, bado. Kikiteleza, suuza unga wote wa kusugua utoke, kausha, ndipo utie chai.